Skrubu Iliyolika Kichwa
Mhadhara kwa mafundi, walimu na wafanyabiashara wa Kahama na Geita

Mada yangu kwenye ratiba ilionekana kama utani. Mkoa wetu una mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Jirani zetu wana mgodi wa Geita ulioanza kuzalisha mwaka 2000. Mgeni angetazamia asikie habari za wakia na mirabaha. Mimi nimekuja na skrubu yenye unene wa milimita mbili.

Kusudi langu ni hili. Nataka tukubaliane kwamba katika kompyuta mpakato inayochemka, skrubu iliyolika kichwa ni tatizo ambalo mara nyingi tumelitengeneza wenyewe mezani; na kwamba fundi anayezijua ngazi za kuiondoa, kuanzia ile isiyodhuru kitu hadi ile inayokata chuma, ni mara chache sana atafika ngazi ya mwisho. Nina hoja nne. Ya tatu ni ndefu, na mwenyekiti ameshanionyesha saa yake.

Hoja ya kwanza: vumbi letu si vumbi la kila mahali

Laptopu hupoa kwa njia rahisi. Joto la prosesa hupita kwenye pesti ya kupitishia joto, huingia kwenye bamba la shaba, husafiri ndani ya bomba la shaba hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, na feni hulisukuma nje kupitia tundu la pembeni. Prosesa nyingi zimewekewa kikomo cha nyuzi joto 100 hivi. Ikikaribia hapo hujipunguzia kasi yenyewe; ikizidi, mashine hujizima. Ndiyo maana mwenye steshenari pale Katoro analalamika kwamba kompyuta yake ni nzito mchana na nyepesi asubuhi. Anadhani ni virusi. Analipia kuweka programu upya, wiki inayofuata hali ni ileile.

Ukifungua, unakuta kati ya feni na mapezi kumeziba utando mzito. Mikoa mingine utando huo ni nyuzi za nguo na nywele. Huku kwetu una mambo matatu zaidi. Kwanza kuna vumbi la barabara za changarawe na la mashamba wakati wa kiangazi. Shinyanga ni kavu, na mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, kuirudishia miti na ngitili, yaani hifadhi za malisho. Pili kuna nyuzi za pamba, hasa kwa ofisi zilizo karibu na vinu vya kuchambulia. Nyuzi hizo hufunga vumbi likashikamana. Tatu kuna unga wa makarasha, yaani mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Dhahabu ya ukanda huu hukaa sana kwenye mishipa ya kwatsi, na jiwe hilo lina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, wakati kisu cha kawaida kinafika 5 na nusu hivi. Nyarugusu, Rwamgasa, Kakola, popote karasha linapozunguka, unga huo unaelea. Ukiingia kwenye mhimili wa feni, unausaga.

Unga huohuo huingia pia kwenye kichwa cha skrubu, ukachanganyika na jasho na mafuta ya mikono, ukaganda. Fundi anaweka bisibisi, ncha haifiki chini, inakaa juu ya gamba la uchafu. Anasukuma, inateleza, kona za msalaba zinalika. Kwa hiyo kinachoichemsha mashine na kinachoiharibu skrubu ni kitu kimoja, na dawa ya kwanza ya skrubu ni sindano ya kushonea: chokoa msalaba mpaka uone chuma kinang'aa. Wengi wetu hatufanyi hivyo kwa sababu inaonekana ni kazi ya kitoto.

Niseme na jambo la afya kabla sijaliacha vumbi. Acheni kupuliza kwa mdomo. Unga wa kwatsi ukikaa kwenye mapafu huleta silikosisi, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa. Kisha kuna laptopu zinazotoka kwenye vyumba vya wanunuzi wanaochoma dhahabu yenye zebaki. Mvuke wa zebaki hupoa na kutua juu ya kila kitu chumbani, na kompyuta ya mhasibu haisamehewi. Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 ili kupunguza matumizi ya zebaki, lakini zebaki iliyokwisha kutua ndani ya feni haijui mikataba. (Kicheko.) Nanyi mnacheka, ila mashine ya namna hiyo fungulieni nje, kwa barakoa na glavu, na utando muutoe kwa brashi yenye unyevu wa spiriti. Vyumba vinavyotumia asidi ya naitriki kusafishia dhahabu navyo vina alama yake: skrubu zinakuja zimeota kutu ingawa hazijawahi kuguswa na maji.

Hoja ya pili: bisibisi isiyo yake

Msalaba tunaouita nyota ulienezwa na Henry Phillips wa Portland, Marekani, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Viwanda vya magari viliupenda kwa sababu ncha inajipata katikati ya skrubu bila kuhangaika. Kuta zake, hata hivyo, zimeinama. Ukizungusha kwa nguvu bila kusukuma, ncha hupanda kuta hizo na kutoka nje, na kila inapotoka inaondoka na chuma kidogo. Skrubu za namna hii zinahitaji mkono unaosukuma zaidi kuliko unavyozungusha.

Halafu kuna saizi. Chini ya laptopu nyingi utakuta skrubu za M2 au M2.5, yaani unene wa milimita 2 au 2.5, na vichwa vyake vinataka ncha ya PH0, PH00 au, kwa zile kubwa, PH1. Katika meza zetu nyingi kuna bisibisi mbili: ile ya redio na ile ya pikipiki. Ile ya redio ni nyembamba mno, inazunguka ndani ya msalaba kama imo kwenye bakuli. Ile ya pikipiki haiingii. Kati ya hizo mbili ndipo skrubu inapofia. Kipimo changu ni hiki: weka ncha kwenye skrubu, kisha itikise kidogo. Isipocheza, hiyo ndiyo yake. Ikicheza, badilisha, hata kama mteja amesimama mlangoni anaulizia muda. Na mchunguze vizuri mnachokiona. Zipo Torx zenye pembe sita, T5 au T8, na tangu 2009 kampuni ya Apple imekuwa ikitumia skrubu yenye petali tano. Zote hizo, kwenye mwanga hafifu, zinafanana na nyota iliyochakaa.

Watengenezaji nao wana sehemu yao. Skrubu nyingi huja kutoka kiwandani na rangi ya buluu kwenye nyuzi zake. Hiyo ni gundi au nailoni ya kuzuia isilegee kwa mtikisiko. Miaka mitano ya joto huifanya iwe ngumu. Skrubu ya namna hiyo, kabla ya kuilegeza, ikaze kwanza kidogo tu, kiasi cha kusikia mlio mdogo wa gundi ikiachia. Kisha rudi kinyume cha saa. Hatua hiyo peke yake imeokoa skrubu nyingi kuliko vifaa vyote nitakavyovitaja sasa.

Hoja ya tatu: ngazi za kuiondoa

Sasa skrubu imeshalika. Mteja ameleta mashine baada ya shemeji yake kujaribu kwa kisu. Tufanyeje?

Zima mashine kabisa, si kuilaza. Chomoa chaja. Kama betri ni ya nje, itoe. Kama ni ya ndani, na kifuniko hakijafunguka, basi ujue unafanya kazi juu ya betri yenye umeme, na betri ya lithiamu ikitobolewa huwaka moto. Tafuta picha ya ndani ya modeli hiyo ujue betri imelala wapi kabla hujashika kitu chenye moto au chenye makali. Fungua skrubu zote zilizo nzima kwanza. Chora umbo la kifuniko kwenye karatasi, kila skrubu uichomeke mahali pake, kwa sababu urefu hutofautiana. Skrubu ya milimita 6 ikirudishwa kwenye tundu la milimita 3 inaweza kutoboa mazabodi.

Baada ya hapo simama ujiulize: je, nahitaji kuitoa hii? Lengo ni feni. Ikiwa skrubu iliyolika iko kona ya mbali, na kifuniko kinainuka upande wa feni bila kupinda sana, unaweza kusafisha ukiwa umeiacha ilipo, ukamwambia mteja ukweli. Nimeona mafundi wazuri wakiharibu kifuniko kizima kwa sababu ya ubishi na skrubu ambayo haikuwa njiani mwao.

Tuseme iko njiani. Ngazi ya kwanza ni kubadilisha ncha. Chukua ncha mpya ambayo kona zake hazijalika, hata ikiwa saizi ileile. Ikikataa, weka ncha bapa nyembamba inayogusa kuta mbili zinazotazamana, au Torx kubwa kidogo kuliko tundu, uigonge taratibu iingie na kujikatia njia. Gonga kwa mpini wa bisibisi nyingine, usilete nyundo. Kama ndani kuna diski ya kuzunguka ya zamani, ujue hata mashine ikiwa imezimwa haipendi kugongwa, punguza mkono.

Ngazi ya pili ni mpira, ule wa kufungia noti, au kipande cha glavu, ukiuweka kati ya ncha na skrubu ili ujaze pengo. Video zote za simu zinausifu. Mimi sina imani nao sana kwenye skrubu za M2: msalaba wake ni mdogo kiasi kwamba mpira unachukua nafasi ya chuma badala ya kukisaidia. Kwenye M2.5 au kubwa zaidi, iliyolika kidogo tu, jaribu. Ikikataa mara moja usirudie.

Ngazi ya tatu ni joto, na hapa wengi wanaruka bila sababu. Chukua chuma cha kulehemu, safisha ncha yake, iguse katikati ya kichwa cha skrubu kwa sekunde kumi hivi, toa, kisha jaribu bisibisi papo hapo skrubu ikiwa bado moto. Gundi ya kiwandani hulainika. Angalia mambo mawili. Usifanye hivyo juu ya betri. Na ukumbuke kwamba nyuzi za skrubu mara nyingi haziko kwenye chuma cha mashine bali kwenye kikombe kidogo cha shaba nyeupe au njano kilichopachikwa ndani ya plastiki kwa joto. Ukizidisha, kikombe kitang'oka na skrubu itazunguka nacho milele. Kikishang'oka, acha kuzungusha peke yake: ingiza kadi ya plastiki chini ya kifuniko karibu na skrubu, inua kwa mkono mmoja ili kikombe kibane, zungusha kwa mwingine.

Ngazi ya nne inategemea kichwa kimekaaje. Kikiwa kimechomoza, plaizi yenye mdomo mwembamba inakishika pembeni, na kazi imekwisha. Skrubu za hitisinki, zile zenye springi juu ya prosesa, nyingi ziko hivyo, na nawasihi kwa hizo msitumie njia nyingine yoyote zaidi ya plaizi au mfereji mdogo uliokatwa kwa tupa ya kidole. Chini yake kuna kitu cha thamani kuliko vyote mlivyofungua. Kikiwa kimezama, mfereji haukatiki bila kukwaruza kifuniko, na huo ni uamuzi wa mteja.

Kuna wanaotumia gundi kali ya dukani, wanabandika bisibisi kwenye skrubu na kusubiri. Gundi hiyo ni majimaji, hushuka kwenye nyuzi, na skrubu iliyokuwa imekwama kwa sababu moja inakwama kwa sababu mbili. Mkilazimika kutumia gundi, iwe ile ya mirija miwili ya kuchanganya, nzito, na mngoje mpaka kesho yake.

Ngazi ya mwisho ni keekee. Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mahali: fundi anatoboa katikati akidhani lazima aiangamize skrubu yote. Hapana. Kinachoshikilia kifuniko ni kichwa tu. Kwa skrubu ya M2 tumia ncha ya milimita 2 au zaidi kidogo, kwa M2.5 ya milimita 2.5 hadi 3, kiasi cha kuzidi unene wa shina lakini iwe ndogo kuliko kichwa. Toboa polepole, ikiwezekana kwa keekee ndogo ya mkono, mpaka kichwa kikatike na kupanda juu na ncha. Kifuniko kinainuka. Shina linabaki limesimama, na sasa halina mvuto wa kitu chochote juu yake. Mara nyingi linatoka kwa plaizi, wakati mwingine kwa vidole.

Hatari ya keekee ni mabaki yake. Chembe moja ya chuma chini ya chipu ya umeme, pale penye miguu iliyopishana kwa sehemu ya milimita, inatosha kuua mashine siku uliyoisifu kwamba imepona. Zibeni matundu yote ya hewa kwa tepu. Bandikeni tepu juu ya kifuniko na muache tundu dogo penye skrubu. Pakeni grisi kidogo kwenye ncha ya keekee, chembe zitagandia hapo. Kama kuna msaidizi, ashike bomba la kifaa cha kunyonya vumbi pembeni. Sumaku husaidia kwa chuma cha kawaida, lakini haikamati shaba wala alumini, na vifuniko vingi siku hizi ni alumini. Mkifungua, kitu cha kwanza ni kuchomoa waya wa betri. Cha pili ni kukagua kwa tochi na brashi kabla ya kuwasha chochote.

Kazi iliyobaki ndani ni fupi. Zuieni feni kwa kidole mnapopuliza kwa kompresa isije ikazunguka kupita kiasi. Hitisinki ifunguliwe kwa mshazari. Nyingi zina namba zilizochapwa kando ya skrubu, basi zifuateni, na wakati wa kurudisha kazeni kidogo kidogo kwa mpangilio huo. Futeni pesti kuukuu kwa spiriti, wekeni mpya kiasi cha punje ya mchele. Skrubu zilizolika zisirudishwe. Kila fundi anazo mashine zilizokufa chini ya meza. Humo mna skrubu nzima.

Hoja ya nne: nani alipe dakika ishirini

Mteja analeta mashine kusafishwa feni. Fundi anamtajia bei ya kusafisha feni. Skrubu ikigoma, ile kazi ya ziada haina bei, na kwa sababu haina bei inafanywa kwa haraka, na haraka ndiyo inayotufikisha kwenye keekee kabla ya wakati. Napendekeza desturi: kila ngazi inayoweza kuacha alama, fundi asimame na aulize. Iwe hivi: «Mama, skrubu moja imelika. Naweza kuitoa kwa keekee, kifuniko kitabaki na alama, na ni kazi ya dakika ishirini zaidi. Au naweza kusafisha kwa upande mmoja tu. Unaonaje?» Nimewasikia wateja wakijibu swali hilo kwa busara. Walio wengi hukasirika wanapokuta alama ambayo hawakuambiwa.

Kuna upande wa mafunzo pia. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu 1973, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, kwa sheria ya 1994, na mikoa yetu imefaidika na zote mbili. Kijana wetu akitoka chuoni anajua kulehemu geti, kufunga nyaya za nyumba, kuvunja injini ya karasha. Kazi ndogo ya mkono, ya skrubu za milimita mbili, ya kusoma saizi ya ncha kabla ya kuishika, anajifunza kwa mashine ya mteja. Sisemi hivi kulaumu chuo chochote. Wilaya zilizojaa wanunuzi wa dhahabu, zenye soko la madini lililofunguliwa Geita mwaka 2019, zenye shule na zahanati zinazojaza taarifa zake kwenye kompyuta, haziwezi kuendelea kuona ufundi huu kuwa ni wa kujiokotea. Tangu 2021 tunazo pia kanuni za taka za kielektroniki, na laptopu iliyouawa na chembe za keekee huhesabika humo sawa na iliyozeeka.

Na mashine zenyewe zinabadilika. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kwa zana za kawaida. Sisi hatumo katika Umoja huo, lakini laptopu zetu nyingi huanza maisha Ulaya kisha zikafika Kahama zikiwa mitumba. Kundi la kwanza lililotengenezwa kwa sheria hiyo litatufikia miaka michache baada ya hapo. Ningependa likute, kwa kila mji wa ukanda huu, angalau seti moja ya ncha sahihi ambayo mafundi wanaazimana kwa daftari, na kijana mmoja anayejua kuitunza. Ushirika mdogo wa mafundi unaweza kuianza mwezi huu, bila kumsubiri mfadhili.

Baada ya chai, meza mbili zitawekwa pale chini ya dirisha, zenye mashine mbovu, sindano, ncha za saizi zote na chuma cha kulehemu. Walimu wa kike na wa kiume, karibuni. Si kazi ya mafundi peke yao. Mwenye laptopu yake inayochemka aje nayo, ila awe ameshanakili mafaili yake kwenye flashi.